Gari Lililolala Siku za Giza

Mtu akaaye Ushongo, kijiji kilichojipanga chini ya minazi kusini ya mto Pangani, mkabala wa kisiwa cha Maziwe ambacho mchanga wake huonekana maji yakupwapo na kutoweka yajaapo, hana budi kulijua gari lake kuliko mkazi wa Tanga au wa Dar es Salaam alijuavyo lake. Kwani gari likigoma kuwaka alfajiri, hana fundi wa kumwita ng'ambo ya barabara, ila ana kilomita zipatazo 15 za vumbi hadi Bweni, kisha kivuko, kisha mji wa Pangani, na shida ikiwa kubwa, takriban kilomita 50 nyingine hadi Tanga. Kwa ajili yake nayaandika haya, na kwa ajili ya kila mwenye gari aliyepata kugeuza ufunguo asubuhi akasikia ule mlio mkavu wa tak-tak-tak chini ya boneti, ilhali jana yake aliliegesha likiwa salama na alikuwa na yakini kwamba hakuacha taa hata moja ikiwaka.

Yaliyonipata mimi yalidumu miezi mitano. Gari langu ni Toyota Hilux la zamani, la dizeli, la gia za mkono, na kazi yake kubwa ni kuchukua dagaa na samaki kutoka Kipumbwi na Ushongo kuwapeleka Pangani. Asubuhi moja ya kaskazi lililala. Vijana sita wakalitoa mchangani kwa kulisukuma, wakalifikisha penye ardhi ngumu, likawaka. Juma zima baada ya hapo halikuwa na neno. Kisha likalala tena, siku mbili mfululizo, nami nikanunua betri mpya ya ampea-saa 70 nikidhani nimeung'oa mzizi wa fitina. Majuma mawili hayakupita ila betri ile mpya nayo ikawa haina nguvu ya kuzungusha injini. Nikanunua ya pili. Ikafa vilevile. Wengine waliniambia nimeuziwa betri zilizokaa sana dukani, na wengine, kwa nia njema kabisa, wakaniambia kwamba pale chini ya mbuyu nilipokuwa nikiegesha pana wenyewe. Sikuwadharau, nilihamisha maegesho nikayapeleka uwanjani, na gari likalala huko pia.

Taksiri yangu ya kwanza, ambayo naiona kwa watu wengi, ilikuwa kununua kabla ya kupima. Betri huonekana, ina bei, na aghalabu ndiyo inayotuhumiwa kwa sababu ndiyo iliyokutwa maiti. Lakini aliyekutwa maiti si lazima awe amekufa kwa maradhi yake mwenyewe.

Betri ya gari, ingawa sanduku lake limebadilika, ni ileile ya risasi na asidi aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: vyumba sita vilivyoungwa pamoja, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei, jumla yake volti 12 na nusu hivi. Kuambiwa kwamba ina ampea-saa 70 ni kuambiwa ukubwa wa akiba yake, yaani kwamba yaweza kutoa ampea 3.5 kwa muda wa saa 20, au kidogo zaidi ya hapo kwa muda mfupi zaidi, mpaka akiba iishe. Mfano wake ni mashua yenye ufa. Mashua ikiwa safarini, na kijana amekaa tezi akifua maji kwa upo, ufa hausemi kitu, na nahodha aweza kusahau kwamba upo. Mashua hiyohiyo ikitiwa nanga na watu wakashuka, asubuhi hukutwa imekalia mchanga wa chini. Katika gari, anayefua maji ni altaneta, nayo hufanya kazi pale tu injini inapozunguka. Ndiyo maana mwenye gari linalokwenda kutwa nzima haoni kitu, na mwenye kuliacha siku mbili huona msiba.

Ufa mdogo hutosha. Taa ya ndani ya wati 5, ambayo mtu huiona haina maana, hula takriban ampea 0.4, na kwa usiku mmoja na mchana wake imekwisha kula ampea-saa 10. Hata hivyo kila gari lenye saa, redio au kompyuta hula moto kidogo hata likiwa limezimwa, na hilo si nakisi: miliampea 20 hadi 50 ni kiasi cha haki, kwani kwa miliampea 50 betri kama yangu ingehitaji karibu mwezi mzima kufikia nusu ya akiba yake. Yanayozidi hapo ndiyo ya kutafutwa.

Kabla ya kumsaka mwizi, thibitisha kwamba kuna wizi. Betri iliyochoka hujimaliza yenyewe kwa ndani, na joto la pwani yetu huharakisha uchakavu huo. Basi ijaze chaji sawasawa, ifungue vichwa vyote viwili, iweke pembeni usiku mmoja na kutwa yake, kisha uipime kwa mita. Ikibaki kwenye volti 12.6 au karibu na hapo, ni nzima. Ikiwa imeshuka hadi 12.2, ambayo ni nusu ya akiba, na hali haikushikana na waya wowote, basi gari lako halina hatia. Fauka ya hayo, itazame mfuniko wake: mvuke wa asidi ukichanganyika na vumbi na ile chumvi inayoletwa na upepo wa kusi hufanya utando unaopitisha moto kutoka kichwa kimoja hadi cha pili. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na ya pili kwenye plastiki ya mfuniko. Mita ikionyesha hata sehemu ya volti, ioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, vizibo vikiwa vimefungwa barabara, uisuuze na kuikausha. Na betri za kuongezwa maji ziongezewe maji ya betri, yaliyokenekwa, wala zisiongezewe maji ya visima vyetu ambayo hata kinywani yana ladha ya chumvi.

Kisha washa injini upime tena: ukisoma baina ya volti 13.8 na 14.5, altaneta inajaza. Ukisoma 12.3 na injini inanguruma, tatizo ni kwamba mtungi haujazwi, na ni kazi bure kuutafutia tundu.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe cha mvujo, nami naomba msomaji anivumilie nikikieleza polepole, maana hapa ndipo watu wanapounguza mita zao, na pengine vidole. Vua pete na bangili. Hamisha waya mwekundu wa mita uutie katika tundu la ampea 10, na uelekeze kitasa kwenye ampea za moto wa betri. Kwa spana ya namba 10 legeza kichwa cha hasi, ukivue, kisha uweke mita katikati: ncha moja kwenye nguzo ya betri, ya pili kwenye kichwa ulichokivua, ili kila tone la moto linalorudi kwenye betri lisiwe na njia nyingine ila kupita ndani ya mita. Twafanya hivi upande wa hasi kwa sababu spana ikiteleza ikagusa bodi, haidhuru. Ikiteleza upande wa chanya, hutoa cheche za kutisha. Mita ikiwa imekaa hivyo usigeuze ufunguo kabisa, kwa kuwa stata hutaka ampea mia na zaidi, na usiigusishe mita hiyo kwenye vichwa viwili vya betri kwa pamoja, kwa sababu katika hali ya ampea mita ni kama kipande cha waya mtupu. Milango ifungwe, au kitufe chake kibanwe kwa kamba. Vioo viteremshwe mapema ili uufikie ubao wa fyuzi. Na ikiwa gari ni la kisasa, ufunguo wake uwekwe mbali na usubiri dakika 20, hata saa nzima, kompyuta zake zipate kusinzia. Mtu asiyesubiri husoma ampea nzima, akataharuki, akaanza kufungua dashibodi pasi na sababu.

Asiye na mita achukue balbu ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili aiweke mahali palepale pa mita. Isipowaka, mvujo ni mdogo. Ikiwaka, hata kwa wekundu hafifu, kuna kitu kinakula moto, na balbu itamwonyesha saa atakayokipata kwa kuzimika.

Kutoka hapo kazi ni ya subira: ng'oa fyuzi moja, tazama mita, irudishe mahali pake, nenda kwa inayofuata, na using'oe mbili kwa pamoja. Namba ikianguka ghafula, soma jina la fyuzi hiyo kwenye mfuniko wa boksi, nawe umekwisha jua ni nyumba ipi katika mtaa mzima alimojificha mwizi.

Haya yote alinifanyia fundi mmoja wa Tanga, kwa uaminifu na kwa vyombo vizuri, gari likiwa limekaa uani kwake siku tatu juani. Mita yake ilisoma miliampea 30. Akaniambia gari langu ni zima, akanitoza kidogo, nikashukuru, nikarudi na kuvuka mto kwa moyo mweupe; na katika juma hilohilo, baada ya safari ya Kipumbwi, likalala.

Aliyelifungua fumbo hili hakuwa fundi wa magari. Alikuwa mzee wa upande wa Mwera aliyetumia ujana wake katika mitambo ya mkonge, na nilimkuta kwenye foleni ya kivuko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona unalitazama gari kama mtu amtazamaye mgonjwa."

Nikamsimulia. Hakuniuliza habari za betri, wala za altaneta, aliniuliza swali ambalo katika miezi mitano hakuna aliyeniuliza: "Siku linapolala, jana yake lilifanya kazi gani?"

Ninalo daftari la mizigo, na tarehe za kulala kwa gari nilikuwa nimeziandika kwenye ukurasa wa nyuma kwa sababu ya gharama. Tulikaa kivulini tukalinganisha. Tarehe zote za msiba, bila kubaki hata moja, zilikuwa siku za giza. Wavuvi wa dagaa huvutia samaki kwa taa, zamani kwa karabai na siku hizi kwa taa za betri, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo dagaa huvuliwa mwezi unapokuwa haupo au unapochelewa kutoka. Siku za giza gari langu hubeba dagaa wabichi wanaotiririka maji ya bahari. Siku za mbalamwezi hubeba nazi, saruji na abiria. Mzee akafunga daftari akanirudishia.

"Gari lako halilali kwa uzee, mwanangu. Linalala kwa kulowa."

Namshukuru kwa maneno hayo hata leo. Ubovu unaojificha una mazoea yake, kama mtu alivyo nayo, na mwenye kuyaandika mazoea hayo hufika mbali kuliko mwenye kununua vyombo. Andika basi tarehe, mvua, mzigo, mahali ulipoegesha na upande gari lilipoinamia, nani alipanda na mlango gani ulifunguliwa mwisho. Fundi wa Tanga alipima sawasawa kabisa, lakini alipima gari kavu.

Giza lililofuata, mara baada ya kuteremsha makasha ya dagaa, nilipima Ushongo palepale, alasiri, mpwa wangu akinishikia tochi. Mita ilisoma ampea 0.9. Hesabu yake ni hii: kwa siku mbili, ampea-saa 43, na injini ya dizeli haiwashwi kwa masalio ya betri ya 70. Nikang'oa fyuzi moja moja, na namba haikutikisika. Mwishowe nikazing'oa zote zikawa mkononi mwangu, na mita ikaendelea kusoma ampea 0.9.

Msomaji akifikia hatua hii asikate tamaa, kwa kuwa amepata burhani kubwa. Ikiwa fyuzi zote ziko nje na moto ungali unakwenda, basi unakwenda kwa njia isiyopita kwenye boksi la fyuzi, na njia hizo ni chache: waya mnene wa stata, waya wa altaneta, na zile nyaya za nyongeza ambazo mafundi wa kando ya barabara huzisokota moja kwa moja kwenye kichwa cha chanya. Kwangu kulikuwa na nyaya tatu za namna hiyo. Mmoja, mwembamba, wa buluu, haukuwa na fyuzi. Niliufuata kwa vidole chini ya bodi hadi nyuma kabisa, kwenye taa ndogo iliyotiwa na aliyekuwa na gari kabla yangu ili watu waone wakipakua usiku. Swichi ya taa ile ilikuwa hukohuko nyuma, na maana yake ni kwamba waya ulikuwa na moto kwa urefu wake wote, usiku na mchana, taa ikiwa imewashwa au imezimwa. Na katikati ya njia, chini ya tundu ambalo maji ya samaki hutokea, palikuwa na kiungo kilichozungushiwa utepe na kufungwa juu ya chesisi. Nilipoutoa waya wa buluu kwenye betri mita ilianguka hadi 0.03. Nilipoufungua utepe, shaba ndani yake ilikuwa kijani, na ikavunjika vidoleni kama majivu.

Maji ya mvua hupitisha moto kwa uchache, lakini maji ya chumvi ni barabara pana kwake. Kila dagaa walipopakiwa, kiungo kile kililowa, na moto ukapita kutoka shaba hadi chesisi. Jua likikausha, barabara ikafungwa. Ilinibidi niupe waya huo uchunguzi zaidi kwa sababu nyingine iliyo kubwa kuliko betri: waya usio na fyuzi, ukigusa chuma sawasawa, hauishii kumaliza chaji, bali hupata joto hadi ngozi yake ikawaka, na gari likaungua watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo tuliutupa. Waya mpya ni mnene zaidi, umepitishwa katika bomba la plastiki juu ya mahali maji yanapotiririka, umetiwa fyuzi ya ampea 5 shubiri moja tu kutoka betri, swichi yake iko mbele karibu na dereva, na viungo vyake vimelehemiwa na kupakwa grisi. Ukitiwa waya wowote wa nyongeza, mwambie fundi akuonyeshe fyuzi yake kabla hujamlipa.

Ikiwa huna nyaya za nyongeza na mita inakataa kushuka, mtuhumiwa ni altaneta. Ndani yake mna daiodi, aghalabu sita, ambazo kazi yake ni kuruhusu moto uingie kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikiharibika, mlango hubaki wazi. Gusa altaneta asubuhi kabla ya kuwasha: ikiwa na uvuguvugu baada ya kukaa usiku kucha, imejishitaki. Kwa ithibati, fungua betri, utoe waya mnene wa altaneta, uufunge kwa kitambaa kikavu usiguse chuma, kisha upime upya.

Wenye magari yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara zetu, watazame kwanza yaliyoongezwa baada ya gari kufika: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na hasa redio. Waya wa njano wa redio hutunza kumbukumbu na una moto siku zote. Mwekundu hupata moto ufunguo ukigeuzwa. Fundi mwenye haraka huziunga pamoja, na redio haipati usingizi tena. Taa ya sanduku la dashibodi huchunguzwa kwa kutia simu inayopiga picha za video ndani yake na kufunga mfuniko. Rilei iliyonata huwa na joto mkononi. Na mwenye gari la gia za kujiendesha akumbuke kwamba vijana sita hawatamsaidia, kwani halisukumwi likawaka. Afadhali awe na nyaya za kuchangia moto, na ncha ya mwisho ya waya mweusi aifunge kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa hewa inayolipuka kwa cheche.

Anayesafiri kwa mwezi au miwili, ama masika yamefunga njia, asiliache gari na vichwa vyote vimefungwa hata kama mvujo wake ni wa haki. Avue kichwa cha hasi peke yake, akifunike kwa kitambaa kikavu, afunge boneti. Siku ya kurudi akisugue kwa msasa mpaka risasi ing'ae, akirudishe kwenye nguzo yake, akaze kwa spana mpaka kisigeuke kwa mkono, apake grisi juu yake kuzuia chumvi, kisha arekebishe saa ya dashibodi.